Mshika Kioo

Mjane alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu saa mbili asubuhi, na chai aliyopewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Bi Mbona alipomkaribisha ofisini aliingia, lakini kiti alikikataa.

"Inspekta, sina maneno mengi," alisema. "Mume wangu amekatwa shingo na kioo. Aliyekuwa amekishika kioo hicho ni mdogo wangu, tumbo moja, na mama yetu alipofariki nilimlea mimi. Sasa watu wa kazini wananiambia alikiachia kusudi. Niambie kitu kimoja tu. Nimezika mtu mmoja au wawili?"

"Bado tunachunguza, dada."

"Basi chunguzeni upesi. Ikiwa ni ajali, nitalia na nitanyamaza. Ikiwa ni kusudi, mimi sina ndugu tena, na msije kunipigia simu hata akifa."

Akageuka akatoka. Bi Mbona alilitazama benchi lile hadi Sajini alipoingia na jalada kwapani.

Bi Mbona halikuwa jina lake. Askari wenzake walimbandika kwa sababu hajapata kusoma maelezo ya mtu yeyote akafika mwisho bila kuuliza "mbona". Kwa miaka kumi na minane neno hilo lilikuwa limewafungulia wengine milango ya gereza na wengine kuwafungia. Leo alikuwa na muda mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo jalada lingekuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na Sajini alikwisha andika juu yake: kuua kwa kukusudia.

"Kesi imeiva, afande," Sajini alisema, akiketi kwa kishindo. "Jumba jipya, mlango mkubwa wa mbele, kioo cha juu ya mlango. Marehemu yuko kwenye ngazi, anakandamiza mpira unaobana kioo kwenye fremu. Shemeji yake yuko chini, amekishika kioo kwa mikono miwili juu ya kichwa. Kioo kinachomoka, kinapiga ngazi, kinapasuka, kipande kinampata fundi hapa." Akajigusa shingo. "Hospitali hakufika."

"Hayo nimeyasoma. Kusudi umeliona wapi?"

"Asubuhi ile waligombana. Marehemu alimwambia, 'Leo hushiki kioo.' Huyu akamjibu, 'Leo utanitambua.' Mashahidi wanne wamesikia. Halafu anasema eti mkono ulikufa. Mkono huohuo umetia sahihi hapa, tazama mwandiko huo! Na tuseme ulikufa kweli. Mdomo je, nao ulikufa? Mbona hakupiga kelele?"

"Hiyo mbona ni yangu, usiniibie kazi," Bi Mbona alisema. "Niitie msimamizi wao."

Msimamizi wa mafundi vioo alikuwa mtu wa makamo, mikono yake yote ina makovu membamba. Alisikiliza swali la kelele, akatikisa kichwa hata kabla halijaisha.

"Kwenye kioo hakuna kelele, mama. Hilo ndilo la kwanza tunalomfundisha mtu. Aliye juu ya ngazi ukimshtua anaanguka, na kioo kinamfuata. Mshika kioo hafungui mdomo, na macho yake yanatazama chini maana vumbi la fremu linamwagika. Anaongea kwa kidole."

"Kwa kidole vipi?"

Msimamizi aligonga kioo cha meza ya Bi Mbona kwa kucha. "Mara moja, niko sawa. Mara mbili, sogeza. Mara tatu, nimechoka, pokea. Ukisikia tatu, unaacha kila kitu unapokea. Hata kama umeshika pesa."

"Siku ile aligonga?"

"Hakugonga."

"Labda hukusikia."

"Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kioo kikigongwa utakisikia hata ukiwa chooni. Hakugonga, mama. Naapa kwa watoto wangu."

Bi Mbona aliifungua tena karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa. Mstari wa sita ulisema, kwa mwandiko ule mzuri: *Niligonga mara tatu, shemeji hakupokea.* Mmoja kati ya hao wawili alikuwa mwongo, na msimamizi hakuwa na sababu ya kudanganya.

"Mlete," akamwambia Sajini.

Mshika kioo aliletwa, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mabega yameshuka, hajalala. Mlangoni Sajini alimgeuza ukutani, mikono juu, amkague kabla hajaingia. Kisha simu yake ikalia. Alikuwa fundi bomba wake, na Sajini akaanza kugombana naye kuhusu choo kinachovuja huku mtuhumiwa ameinua mikono pale ukutani. Bi Mbona alitaka kumkemea, ila jicho lake lilikuwa limenaswa.

Kiganja cha kulia cha yule mtu kilikuwa kinabadilika. Kwanza vidole vilififia, halafu kiganja chote kikapauka na kuwa rangi ya jivu la mkaa, huku cha kushoto kikibaki vilevile na wekundu wake. Baada ya muda mkono wa kulia uliteleza ukutani wenyewe, na mtu akapiga magoti.

"Anaanza maigizo," Sajini alisema, simu bado sikioni.

"Kata hiyo simu!" Bi Mbona alikuwa amekwisha inuka. Aliushika ule mkono. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Aliushusha, akaukalisha pajani mwa mtuhumiwa, na mbele ya macho yake rangi ikaanza kurudi polepole, kuanzia kiganjani kwenda vidoleni.

Akamgeukia Sajini.

"Mtu ataigiza kulia," Bi Mbona alisema. "Ataigiza kuzimia. Rangi ya kiganja kimoja ataiigizaje? Andaa gari."

Daktari wa mishipa ya damu alikuwa mzee mfupi, asiyependa kusalimiana sana. Alimvua mshika kioo shati, akampapasa shingoni juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, akashika kifundo cha mkono wa kulia.

"Umeanza lini?"

"Miezi mitano, dokta. Nikishika kitu juu, ganzi inaanza vidole vya mwisho, halafu mkono wote unalegea. Nikiushusha unapona. Niliwahi kupima, wakaniambia ni misuli tu. Nikawa nachua kwa dawa."

"Nani alikuambia ni misuli?"

"Majibu ndiyo yalisema hivyo."

Daktari alimwambia ainue mikono kama mtu aliyenyooshewa bunduki, viwiko vimekunjwa, afumbe na kufumbua viganja bila kuacha. Baada ya nusu dakika alimwita Bi Mbona kwa kichwa, akamwekea kidole kwenye kifundo kile. Mapigo yalikuwepo, yakawa membamba, yakatoweka. Bi Mbona alibonyeza zaidi. Hapakuwa na kitu. Alishtuka akaurudisha mkono wake nyuma, maana mtu huyu alikuwa mzima mbele yake, anaongea, na mkono wake hauna mapigo.

"Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kuna njia nyembamba," daktari alisema. "Mshipa wa damu ya mkono unapita hapo, na neva za mkono pia. Kwa watu wengine njia hiyo inabanwa. Akishusha mkono inafunguka kidogo, akiuinua inafungwa. Damu haiendi, ganzi inaingia, nguvu inaisha. Siyo maigizo, Sajini."

Sajini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sawa, mkono unakufa," Bi Mbona alisema. "Lakini anasema aligonga, na msimamizi anasema hakugonga. Dokta, kabati lako la dawa lina mlango wa kioo?"

Lilikuwa nao, mrefu kuliko mtu. Bi Mbona alimsimamisha mshika kioo mbele ya kabati hilo, viganja viwili vimeegemea kioo juu ya kichwa, macho chini kama kazini. Chumba kikawa kimya. Bi Mbona alihesabu kwa saa yake. Dakika moja ikapita, kisha nusu nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka yule mtu kwenye nywele.

"Gonga mara tatu," Bi Mbona alisema.

Hakuna aliyesikia chochote. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilitikisika kidogo sana, hakikuinuka kwenye kioo.

"Nimegonga," alisema mshika kioo.

Sajini alifungua mdomo akausahau wazi. Daktari alivua miwani.

"Gonga tena."

"Nimegonga tena. Tatu. Hamsikii?"

Bi Mbona alikuwa ameketi na wauaji, wezi na waongo wa kila aina, na hajapata kuona mtu anasema uongo ambao yeye mwenyewe haujui.

"Inua kichwa," alimwambia taratibu. "Tazama kidole chako. Sasa gonga."

Mshika kioo aliinua macho. Alikitazama kidole chake, akakiamuru, kikakataa. Akakiamuru tena. Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Mikono yake ilianguka, na Sajini, yuleyule wa maigizo, ndiye aliyemdaka asipige kichwa sakafuni.

"Sikugonga," alikuwa anasema, meno yanagongana. "Jamani, sikugonga. Siku mbili hizi namlaumu marehemu. Nilidhani amenisikia akapuuza. Nilidhani ananikomoa kwa maneno ya asubuhi. Shemeji hakusikia kitu! Nilimwacha juu pale hajui!"

Daktari alimlaza, akamwita muuguzi, akampima mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Alipomaliza alimwonyesha Bi Mbona vidoti vyeusi chini ya kucha mbili, vidogo, vya kudhaniwa uchafu wa kazi. Mshipa ulikuwa umevimba pale unapobanwa na damu imeanza kuganda ndani, na chembe zake zilikuwa zinashuka hadi vidoleni. Wangemchoma sindano ya kuzuia damu isigande sasa hivi, na kesho asubuhi wampasue, wapanue ile njia na kuutengeneza mshipa. Baada ya hapo miezi ya mazoezi ya viungo. Wakichelewa, kiganja kingeweza kukatwa.

"Sipasuliwi," mshika kioo alisema kutoka kitandani. "Baba aliingia kupasuliwa ngiri tu, wakamtoa amefunikwa shuka. Mpaka dada aseme. Dada akisema ndiyo, nitalala hata sasa hivi. Na dada hataki hata kuniona."

Daktari alikwenda masijala kutafuta eksirei ya kipimo chake cha awali. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi hakuingia; alisimama mlangoni akamwita Bi Mbona nje, kwenye ukumbi.

"Nimeikumbuka picha kabla sijamkumbuka mtu," alisema. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kuonyesha kwa kalamu mfupa mdogo, umechomoza chini ya shingo upande wa kulia, mahali ambapo kushoto palikuwa patupu. "Ubavu wa ziada. Amezaliwa nao. Huo ndio unaoibana njia. Picha hii ni ya wiki tisa zilizopita, na barua niliiandika mimi."

"Barua gani?"

"Asinyanyue mikono juu ya mabega hata kwa kazi nyepesi, na aje tuutoe huo ubavu. Nakala hii hapa."

"Mbona yeye anasema aliambiwa ni misuli?"

Daktari alimpa daftari la kuchukulia majibu. Mgonjwa asipoweza kuja, ndugu huchukua kwa niaba yake na kutia sahihi. Kwenye mstari ule kulikuwa na sahihi, na mbele yake, kwa herufi kubwa, neno moja: DADA.

"Mgonjwa alipopitisha tarehe ya kurudi tulipiga simu," daktari alisema. "Namba ni ya dada huyohuyo. Alisema wanajiandaa."

Bi Mbona aliegemea ukuta. Aliisoma sahihi ile mara tatu akitumaini itabadilika.

"Mgonjwa asiambiwe," alisema mwishoni. "Si na mimi wala na wewe."

Saa tisa alasiri nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa viti vya kuazima na wanawake wanaoongea kwa sauti ya chini. Mjane alimpeleka Bi Mbona chumbani, akafunga mlango. Shati la kazi la marehemu lilikuwa bado limetundikwa msumarini.

"Umeniletea jibu?"

"Nimekuletea. Umezika mmoja."

Mjane aliketi kitandani ghafla. Alilia huku anacheka, akajifuta kwa upindo wa nguo, akalia tena. "Mungu mkubwa. Mungu mkubwa, Inspekta. Nilikuwa nimemtukana moyoni matusi ambayo hayasemeki. Kwa hiyo ilikuwaje?"

Bi Mbona alimweleza mkono, rangi, mapigo yaliyotoweka, kidole kilichodhani kimegonga. Alieleza taratibu, na kadiri alivyokuwa anaendelea, mjane aliacha kulia. Uso wake ulianza kukauka. Bi Mbona alipofika kwenye ubavu wa ziada hakuwa na haja ya kuendelea, lakini kazi ni kazi. Aliitoa nakala ya barua akaiweka juu ya shuka, kati yao.

"Mbona, dada?"

Mjane hakuigusa.

"Baba walimtoa amefunikwa shuka," mjane alisema. "Niliisoma barua palepale dirishani kwao. Imeandikwa wataukata ubavu. Ubavu, Inspekta! Karibu na moyo! Ngiri tu ilimuua baba, sasa ubavu? Nikasema, mdogo wangu hapasuliwi na hawa. Nikamwambia ni misuli, nikamnunulia dawa ya kuchua. Nilikuwa namchua mimi mwenyewe kila Jumapili."

"Kuna mwingine aliyejua?"

Mjane aliinua macho. Bi Mbona aliona jibu linamfikia mwenyewe wakati huohuo linapomtoka.

"Mume wangu. Aliikuta barua wiki iliyopita chini ya godoro. Alinigombeza sana. Nikamwapisha asimwambie, nikamwambia akisema naondoka. Akasema sawa, lakini kuanzia sasa huyu hashiki kioo, nitampa kazi ya kukata mpira chini." Alisita. "Asubuhi ile..."

"'Leo hushiki kioo,'" Bi Mbona alisema.

"Alikuwa anamzuia."

"Na shemeji yake akaona anadharauliwa mbele ya wenzake. Akasema utanitambua, akakishika kwa hasira. Mashahidi wanne walisikia wanaume wanatishana."

Mjane alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, vifundo vimekutana. "Nifunge."

"Dada..."

"Nifunge pingu, nimekwambia! Mimi ndiye nimemuua. Nilikuja kwenye kituo chako asubuhi nikataka mtu afungwe. Huyu hapa!"

"Hakuna kifungu cha kumfunga mtu kwa woga," Bi Mbona alisema. "Nitaandika ajali. Kuna jambo moja lililobaki. Mdogo wako akichelewa kupasuliwa atapoteza mkono, na anasema hapasuliwi mpaka wewe useme. Habari za barua hazijui. Sikumwambia. Ukitaka, utasema ndiyo tu, na hilo jingine litabaki jaladani."

Alishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Mjane alikuwa ameanza kufunga kilemba.

Saa kumi na nusu walikuwa wodini. Jalada lilikuwa limekwenda na maneno mapya juu yake, Sajini ameyaandika mwenyewe. Alipomwona mjane aliinuka kwenye kiti cha ulinzi na kumpisha bila utani.

Mshika kioo alijaribu kukaa. "Dada." Machozi yalikuwa yanamtoka tayari. "Dada, nisamehe. Mkono haukuwa wangu. Nimemuua shemeji, lakini siyo kwa moyo. Useme lolote, hata ukinifukuza, lakini unisamehe kwanza."

Mjane alisimama upande wa miguuni pa kitanda, mbali kidogo. Daktari alikuwa pembeni na karatasi ya ridhaa.

"Kapasuliwe," alisema.

"Umenisamehe?"

Hapo angeweza kunyamaza. Bi Mbona, nyuma yake, alikuwa anamwomba kimoyomoyo anyamaze.

"Majibu hayakusema misuli," mjane alisema. "Yalisema upasuliwe, na usinyanyue mikono. Nilichukua mimi. Niliificha barua chini ya godoro wiki tisa, na shemeji yako nikamwapisha asiseme. Ndiyo maana alikuzuia siku ile. Niliogopa utakufa kama baba."

Mshika kioo alimtazama. Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya mto, akaufumba na kuufumbua, halafu akamtazama tena, muda mrefu, kana kwamba anatafuta mtu nyuma ya uso ule.

"Kila Jumapili ulikuwa unanichua," alisema.

"Mdogo wangu..."

"Dokta." Aligeuza uso upande wa pili, kwa daktari. "Nipe hiyo karatasi, niweke sahihi mwenyewe. Na huyu mama atoke nje."

Daktari alimpa kalamu kwa sababu hakujua la kufanya jingine, na mshika kioo akaandika jina lake, polepole, kwa mwandiko uleule mzuri. Mjane alikuwa bado amesimama miguuni pa kitanda, akisubiri aitwe dada. Bi Mbona akamshika kiwiko, akamgeuza, akamtoa.